Mifupa Inayotii Mdundo: kisa cha The Skeleton Dance ya mwaka 1929

Macho mawili makubwa yamejaza kioo kizima. Yanapepesa. Kamera inarudi nyuma taratibu, kumbe ni bundi, amekaa juu ya tawi usiku wenye upepo. Kwa sisi tuliokua tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna mtu wa nyumba hiyo hataliona jua la kesho, filamu imeshaanza vibaya kabla ya kaburi lolote kuonekana.

Hii ni katuni ya dakika tano na nusu hivi, nyeusi na nyeupe, isiyo na mazungumzo. Studio ya Walt Disney iliitoa mwaka 1929, ikafungua nayo mfululizo ulioitwa Silly Symphonies. Hadithi haina. Usiku wa manane makaburini viunzi vya mifupa vinatoka, vinacheza, jogoo anawika, vinarudi vilikotoka. Basi. Muhtasari wake unatosha kuandikwa kiganjani.

Nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka sita likizo iliyopita, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mtungi. Aliogopa, akacheka, akaogopa tena, na mara mbili alifanya yote hayo kwa pamoja. Ndipo nilipoanza kuirudia kipande kwa kipande, nikitafuta ni wapi hasa hofu inageuka kicheko. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mifupa imechorwa kitoto, kwa hiyo haitishi. Sikubali. Fuvu lile linatisha, hasa mashimo ya macho, ambayo mchoraji hakuyatia huruma hata chembe. Nadhani kinachochekesha ni kwamba fuvu hilo lina bwana wake, na bwana wake ni mdundo.

Mdundo huo ulizaliwa kwenye ubishi wa kazini.

Carl Stalling alikuwa mpiga kinanda wa jumba la sinema la Isis, Kansas City, enzi za filamu bubu. Kazi ya mtu kama huyo ilikuwa kukaa gizani chini ya kioo, macho juu na vidole chini, akiifukuzia picha: farasi akikimbia naye akimbie, mjane akilia naye alie. Disney alimfahamu tangu huko. Mwaka 1928, akiwa njiani kwenda New York kuitia sauti Steamboat Willie, Disney alipitia Kansas City na kumwachia katuni mbili za panya wake Mickey Mouse zilizokuwa bado bubu ili azitungie muziki. Steamboat Willie ilipoonyeshwa tarehe 18 Novemba mwaka huo na kuwapagawisha watu, Stalling akawa mwanamuziki wa studio.

Wakaanza kuvutana. Disney alitaka kitendo kitangulie na muziki ukifuate. Stalling alitaka kinyume chake, walau mara moja muziki uende mbele na picha ndiyo ihangaike kuufuata. Mwisho wakagawana kama ndugu waliochoka kugombania shamba: Mickey akabaki upande wa vitendo, na ukaanzishwa mfululizo wa pili ambao muziki ungeshika usukani. Wazo la viunzi vinavyocheza lilikuwa la Stalling. Alisimulia uzeeni kwamba lilitokana na tangazo aliloliona utotoni kwenye jarida la wavulana, la kiunzi cha kuchezea kinachosakata dansi.

Inafaa tusimame kidogo hapa kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu katuni hii isingekuwepo. Filamu yenye sauti hupita fremu 24 kila sekunde. Mwendo huo ukishakuwa thabiti, muda unahesabika kama shanga. Ukiamua pigo lidondoke kila baada ya fremu 12, una mapigo mawili kwa sekunde, na mchoraji anajua kabla ya kushika penseli kwamba kisigino kitagonga chini kwenye fremu ya 12, ya 24, ya 36. Dakika tano na nusu ni fremu karibu 7,900. Hata mchoro mmoja ukipigwa picha mara mbili mbili, na hata mizunguko ya dansi ikirudiwa, bado ni rundo la karatasi la kumzeesha mtu. Kwa upande wa pili, wanamuziki nao walipaswa wasitoke nje ya mwendo ule ule. Stalling alieleza kwamba mlio wa tiki-tiki wa kuwaongoza wapigaji, ambao baadaye ulikuwa kitu cha kawaida katika muziki wa sinema, aliujaribu kwenye kazi hii.

Muziki wenyewe una kisa chake. Watu wengi, na baadhi ni wasomi wa sinema, huapa kwamba wanachosikia ni Danse macabre, muziki wa Mfaransa Saint-Saëns. Siyo. Stalling alichukua maandamano ya mazimwi kutoka kwa Mnorwe Edvard Grieg, akayaunganisha na fokstroti aliyoitunga mwenyewe kwa ufunguo wa huzuni. Fokstroti ilikuwa dansi ya kumbi za starehe za wakati huo. Ukiisikiliza bila picha, ni muziki wa watu waliovaa vizuri Jumamosi usiku, ila kuna mtu amezima taa.

Aliyechora ni Ub Iwerks, mzaliwa wa Kansas City, mwaka mmoja na Disney, 1901. Disney alipompoteza sungura wake Oswald mwaka 1928, na wachoraji wengi wakaondoka naye, Iwerks alibaki. Kasi yake ilikuwa gumzo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akiichora Plane Crazy, katuni ya Mickey, alifikisha michoro 700 kwa siku. Katuni ya viunzi aliichora karibu yote kwa mkono wake. Disney alimtaka achore hatua kuu tu, awaachie vijana wa mshahara mdogo hatua za kati. Kwa hesabu za studio Disney alikuwa na haki. Iwerks hakutaka.

Ukitazama kwa makini unaona kwa nini. Kiunzi cha Iwerks hakina nyama ya kuficha kosa. Mtu mnene ukimchora vibaya kiwiko, shati litakusitiri. Mfupa hauna shati. Kila kiungo kinabembea kama mnyororo, goti likitangulia unyayo unachelewa kidogo, kisha unafika sawasawa kwenye pigo. Kule kuchelewa ndiko kunakokipa uhai kitu ambacho kwa maelezo yake ni maiti.

Sasa tuingie makaburini. Baada ya bundi kuna mnara wa kengele, popo wanatoka, mbwa anaulilia mwezi. Kisha paka wawili weusi wanagombana juu ya mawe ya makaburi, wanatemeana, wanavutana pua hadi zinarefuka kama mpira. Hadi hapo ni vichekesho vya kawaida vya wakati ule. Ghafla, katikati yao, fuvu linachomoza nyuma ya jiwe. Paka wanatoweka. Tumeshakizoea kipimo hicho: kama paka mweusi, ambaye mwenyewe ni wa kuogopwa, amekimbia, basi sisi tufanyeje?

Kiunzi kinatoka, kinanyata. Hapo Iwerks anafanya jambo la kwanza la akili. Bundi analia na kiunzi kinashtuka, kinajikunja kwa woga. Maiti amemwogopa bundi! Kikishagundua ni ndege tu, kinang'oa kichwa chake na kumrushia. Fuvu linampiga bundi, manyoya yanapukutika, kichwa kinarudi. Mpwa wangu alicheka hapa kwa mara ya kwanza, na nilimwelewa. Kinachotutisha kimeonyesha kwamba nacho kina kinachokitisha, na kwamba kinaweza kuona aibu.

Halafu linakuja jambo ambalo kila nikiliona naona limezidi umri wake. Kiunzi kinatugeukia sisi. Kinaruka kuelekea kioo, mdomo wazi, meno yanakua, giza la koo linajaza picha nzima. Kimeimeza kamera. Hapo hapana kichekesho chochote.

Nilichukua muda kuona kwa nini kipande hicho kinauma tofauti na vingine. Katika katuni nzima hakuna binadamu hai hata mmoja. Wapo ndege, popo, mbwa, paka, viunzi, jogoo. Ulaya walikuwa na desturi ya kale ya kuchora dansi ya mauti, iliyoenea zama za magonjwa ya mlipuko. Hans Holbein aliichora katika karne ya 16. Katika michoro hiyo kiunzi humshika mkono mfalme, askofu, mkulima, mtoto, kila mmoja kwa zamu yake. Maana yake ilikuwa wazi: hakuna atakayebaki. Iwerks alichukua kiunzi kile kile na dansi ile ile, akaondoa wanaoshikwa mkono. Kwa hiyo viunzi vyake havina wa kumchukua. Vinacheza vyenyewe kwa vyenyewe kama vijana waliokosa wenza ukumbini. Binadamu pekee aliyepo ni mtazamaji, na mara moja tu, kwa sekunde chache, kiunzi kinakumbuka kwamba yupo.

Baada ya hapo vinakuwa vinne, vimepanga mstari, na fokstroti inashika kasi. Hiki ndicho kiini cha katuni. Vinashikana mikono, vinazunguka, vinachuchumaa na kuinuka, vinaanguka vikawa lundo la mifupa na kujiunga upya. Vyote vinne vinafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Jaribu kumwogopa mtu anayecheza vizuri. Ni kazi ngumu, kwa sababu mtu anayefuata mapigo ana mahali pa kuwa kwenye pigo linalofuata, nawe unapajua. Hofu inakaa kwenye kutojua mguu utatua wapi. Mdundo unakuambia. Angalia tena kile kipande cha kumeza kamera: kinatisha kwa sababu ndipo kiunzi kinapoiacha ngoma na kufanya shughuli yake binafsi.

Kipande maarufu kuliko vyote ni cha marimba. Kiunzi kimoja kinachukua mifupa miwili ya mapaja na kumgeuza mwenzake ala, kikigonga mgongo na mbavu, na kila mfupa unatoa sauti yake. Kipande hiki hutajwa kuwa kazi ya Les Clark, kijana aliyekuwa karibu na Iwerks, na kama ni hivyo basi mwanafunzi alipewa mnofu. Muziki hapa umeacha kuwa wa kusindikiza, unatoka ndani ya maiti yenyewe. Baadaye paka naye anageuzwa zeze, mkia ukiwa uzi na mfupa ukiwa upinde. Paka anaumia na analia. Mifupa haiumii. Ndiyo sababu ya marimba nilicheka kwa raha na ya paka nilicheka huku nikimtupia jicho mtoto.

Siyo kwamba kila kitu kimenyooka. Katikati katuni inachosha. Mizunguko ya dansi inarudiwa mno, mwendo ule ule upande wa kulia kisha ule ule kushoto, na mtazamaji wa leo anaanza kuhisi bei ya karatasi. Bila shaka wa 1929 hawakulalamika. Kuona mguu wa mchoro unatua sawia na pigo la ngoma ilikuwa ajabu ya kutosha.

Wenye majumba ya sinema ndio waliolalamika kwanza, tena si kuhusu marudio. Disney alipoizungusha, jibu alilolipata ni kwamba inatisha mno na watu hawataki makaburi. Pat Powers, aliyekuwa akisambaza filamu zake, anakumbukwa kwa kumjibu kwa kifupi kwamba wanachotaka ni panya zaidi. Katuni ikapata mlango mwezi Juni 1929 katika jumba la Carthay Circle, Los Angeles, na kisha Roxy, New York. Watu walicheka, na mwezi Agosti ilikuwa mikononi mwa Columbia Pictures ikisambazwa. Walioiona karatasini waliona maiti, waliokaa ukumbini na kusikia waliona dansi. Sidhani kama Powers alikuwa mjinga. Ukimsimulia mtu kwa simu kwamba una filamu ya watoto yenye mifupa inayotoka kaburini, naye si atakukatia?

Miezi michache baadaye Disney, Iwerks na Stalling walikuwa wametengana. Januari 1930 Iwerks aliondoka kwenda kufungua studio yake kwa fedha za Powers yule yule. Alikuwa na asilimia 20 ya studio ya Disney, akalipwa dola 2,920 na kuzitoa hisa hizo mikononi. (Wapenzi wa historia ya biashara hupenda kukokotoa hisa hizo zingekuwa na thamani gani leo. Mimi hunipa kizunguzungu.) Mivutano ilikuwa mingi, ule wa nani achore hatua za kati ukiwa mmojawapo. Stalling naye akaondoka wakati huo huo. Mwaka 1936 alifika Warner Bros., akakaa huko hadi 1958 akitunga muziki wa katuni unaogeuka kila mtu anapojikwaa, kwa hiyo mwisho wa yote alirudi kuifukuzia picha.

Mlango waliouacha wazi haukufungwa mara moja. Ndugu Fleischer, watengeneza katuni wa kule New York, waliingia nao wakiwa na ukali zaidi: Swing You Sinners! ya 1930, ambamo makaburi yenyewe yanamfukuza mwizi wa kuku, na Snow-White ya 1933, ambamo mwimbaji wa jazi Cab Calloway anaimba wimbo wa msiba kupitia mhusika wa katuni aliyegeuzwa mzimu. Jazi, jeneza na mizaha vilikaa meza moja. Kanuni za maadili za Hollywood zilipoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, Betty Boop, msichana wa katuni zao, alirefushiwa gauni na utundu mwingi ukaondoka naye.

Kuna kipimo kizuri cha hoja yangu, nacho kimetolewa na Iwerks mwenyewe. Studio yake haikudumu, na mwaka 1937, akiwafanyia kazi Columbia, aliichora upya dansi ile kwa jina la Skeleton Frolic. Safari hii kulikuwa na rangi, bendi nzima ya viunzi, ala nyingi, mandhari yenye undani. Kila kitu ni kizuri zaidi, na haitishi, na kwa kuwa haitishi haichekeshi sana. Rangi ya bluu na zambarau imeyafanya makaburi kuwa jukwaa la sherehe. Viunzi vimekuwa wanabendi tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo hakuna kinachofugwa. Mdundo wa 1929 ulikuwa na kazi ya kufanya, kumshika mnyama mkali kamba shingoni. Wa 1937 umeshika kamba tupu.

Iwerks alirejea kwa Disney mwaka 1940, safari hii akiwa fundi wa kamera na picha za ujanja, na akiwa huko ndiko alikokopeshwa kwa mwongozaji filamu Alfred Hitchcock kusaidia The Birds ya 1963, kazi iliyompatia uteuzi wa tuzo ya Oscar. Filamu hiyo ni ya ndege wanaowashambulia watu bila sababu, na haina muziki wa kawaida wa filamu hata kidogo. Sijui mtu wa kuifaa zaidi.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 The Skeleton Dance haina tena hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo kuipata siku hizi ni rahisi. Nilirudi nayo kwa mpwa wangu siku ya mwisho ya likizo kwa jaribio dogo. Nilizima sauti. Ilipofika mahali fuvu linapochomoza kati ya paka, alisogea na kunishika mkono. Viunzi vinne vilipopanga mstari na kuanza kurukaruka kimya kimya, hakucheka.

"Mjomba, kwa nini vinafanya hivyo?"

Nikarudisha sauti. Mguu wake ukaanza kugonga mkeka. Akaangalia hadi jogoo alipowika, viunzi vikagongana kwa haraka, vikachanganyika kuwa dude moja lenye miguu mingi na kutumbukia kaburini, nyayo mbili zikasahaulika nje, mkono ukatoka kuzivuta ndani. Alicheka mpaka akakohoa. Mkono wangu hakuuachia.